Maghala Mawili: La Kanisa na la Nyumba Yako



Ujumbe wa leo ni mrefu kidogo, kwa hivyo tafuta mahali utulie. Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome Mwanzo 41 kuanzia mstari wa 46, kisha uende Mwanzo 47, mstari wa 13 hadi wa 26. Nakungoja.

Umesoma? Sura ya 41 tunaihubiri kila mwaka. Yusufu anatoka gerezani, anavishwa pete, anaweka akiba sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, njaa inakuja na Misri inakula. Tunapiga makofi, tunasema Amina. Lakini sura ya 47 hatuigusi. Huko ndiko tunaambiwa yaliyompata mwananchi wa kawaida. Kwanza pesa zake ziliisha kwa kununua nafaka. Kisha akapeleka farasi, kondoo, ng'ombe na punda. Mifugo ilipokwisha, akatoa shamba lake na yeye mwenyewe. Njaa ilipopita watu wa Misri walikuwa hai, na hilo ni la kumshukuru Mungu, lakini ardhi ilikuwa ya Farao na wao walikuwa watumishi wake.

Sasa jiulize. Katika ile miaka saba ya shibe, mavuno yalipokuwa mengi hata Yusufu akaacha kuyahesabu, huyu mwananchi aliweka nini nyumbani kwake? Alitoa sehemu moja, akabaki na nne. Biblia haituambii alizifanyia nini. Tunachokiona ni kwamba njaa ilipobisha hodi, ghala la Farao lilikuwa limejaa na lake halikutosha.

Mpendwa, ghala kubwa la mkuu linaweza kukuokoa na kifo. Kukuokoa na utumwa ni jambo lingine. Kwa hilo unahitaji pia ghala la nyumbani kwako. Leo nataka nikusimulie historia ya watu waliojenga maghala hayo mawili kwa pamoja, la kanisa na la nyumba, kwa zaidi ya miaka 140. Walifika mahali kanisa likawa na viwanda vyake lenyewe vya kupakia chakula kwenye mikebe, na mama wa kawaida akaenda huko na aproni yake akarudi nyumbani na chakula cha miaka.

Nikutajie mapema, usije ukashtuka katikati. Ninaowazungumzia ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale tunaowaita Wamormoni, wa jimbo la Utah huko Marekani. Wao na sisi hatupatani katika mafundisho makubwa, na sikuitii huko. Lakini Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 16, alitumia mfano wa wakili asiyekuwa mwaminifu ili kuwafundisha wanafunzi wake busara. Basi tukubali kujifunza kwa jirani aliyefanya jambo vizuri.

WALIANZA NA NJAA

Watu hawa walifika kwenye bonde la Salt Lake mwezi wa Julai 1847, wakikimbia mateso. Ilikuwa nchi kavu, ya kunywesheza mashamba kwa mifereji. Mwaka uliofuata, 1848, makundi ya wadudu wa jamii ya panzi yalishuka kwenye mimea yao michanga. Wewe uliyeona nzige wakitua hapa Kenya mwaka 2020 unajua sauti ile ya kutafuna. Miaka michache baadaye, kati ya 1855 na 1856, panzi na ukame viliwapiga tena na baridi kali ikaua mifugo. Hakukuwa na reli wala mji wa karibu wa kukimbilia.

Kwa hivyo mwaka 1876 kiongozi wao, Brigham Young, alimwita mama mmoja aliyeitwa Emmeline B. Wells, mhariri wa gazeti la akina mama, akampa kazi: waongoze akina mama wa kanisa waweke akiba ya ngano. Kazi hiyo alipewa mwanamke. Wanaume walikuwa na desturi ya kuuza ngano mara tu ilipopata bei.

Akina mama walianza bila chochote. Hawakuwa na maghala. Wakaingia mashambani baada ya wavunaji wakaokota masazo, kama Ruthu katika shamba la Boazi. Wakashona, wakauza, wakanunua ngano. Wakajenga maghala madogo mji kwa mji. Si kila kitu kilikwenda sawa. Wadudu na panya walikula sehemu ya ngano, na ilibidi wajifunze polepole namna ya kuihifadhi na kuibadilisha kila msimu. Lakini hawakuacha.

Na ghala lao lilikuwa na mlango wa kutolea. Mwaka 1906 tetemeko la ardhi lilipoubomoa mji wa San Francisco, unga wa akina mama hawa ulipelekwa huko. Mwaka uliofuata, njaa ilipoikumba China, unga wao ulivuka bahari. Hawakungoja kujua kama wenye njaa ni wa dini yao.

Kuna sehemu moja ya historia hii ambayo kila mchungaji anapaswa kuisoma, mimi nikiwa wa kwanza. Mwaka 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Marekani iliomba ile ngano. Akina mama wakawa na busheli zaidi ya 200,000. Kwa vipimo vyetu hiyo ni kama magunia 60,000 ya kilo 90. Wanaume waliosimamia mali ya kanisa walikubali kuiuza kabla ya kushauriana na akina mama waliokuwa viongozi wa akiba hiyo. Ngano ya miaka 40, iliyookotwa suke kwa suke, iliamuliwa na watu ambao hawakuinama shambani.

Ngano ililisha wenye njaa, na mwaka uliofuata Rais Woodrow Wilson alipopita Salt Lake City alikwenda kumshukuru Emmeline Wells, ambaye wakati huo alikuwa mama wa miaka 91. Pesa zilizopatikana ziliwekwa katika mfuko, na faida yake ikasaidia afya ya akina mama na watoto. Mwisho ulikuwa mwema. Hata hivyo, viongozi wenzangu, tusikimbilie mwisho. Kanisa likiwa na kapu la akina mama, funguo za kapu ziko kwa akina mama. Ukiwa na neno, waulize kwanza. Imani ya watu kwa ghala la kanisa hujengwa kwa miaka mingi, na huvunjwa kwa uamuzi mmoja uliofanywa nyuma ya mlango.

KIJANA WA MIAKA 31 NA WATU 4,800

Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka. Kufikia 1933, katika jimbo la Utah zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi hawakuwa na kazi.

Upande wa magharibi wa Salt Lake City kulikuwa na eneo la kanisa lililoitwa Pioneer, lenye makanisa kadhaa ya mtaa ndani yake. Mwaka 1930 lilipewa kiongozi mpya, Harold B. Lee, kijana wa miaka 31. Alipohesabu watu wake aliona kwamba kati ya washirika 7,300, watu 4,800 walikuwa wakitegemea msaada, wengine kwa sehemu na wengine kwa kila kitu. Mpendwa, fikiria kanisa lako. Fikiria watu wawili kati ya kila watatu walioketi kwenye benchi hawana uhakika wa chakula cha jioni, na sadaka unayotegemea kuwasaidia inatoka kwa watu haohao.

Lee na wenzake wakatazama walichonacho. Nje ya mji kulikuwa na wakulima wenye mazao shambani, lakini bei ilikuwa imeanguka kiasi kwamba hawakuweza kulipa vibarua wa kuvuna. Mazao yalikuwa yanaoza. Ndani ya mji kulikuwa na wanaume wenye nguvu waliokaa bure. Kanisa likawaunganisha. Watu wa mjini wakaenda kuvuna, wakalipwa kwa sehemu ya mazao, wakayaleta kwenye ghala ambalo kanisa lilikuwa limefungua mwaka 1932. Matunda na mboga vilivyozidi, vilivyokuwa vioze katika wiki moja, vikapikwa na kufungwa kwenye mikebe ili viliwe wakati wa baridi.

Hapo ndipo mkebe ulipoingia katika historia ya kanisa lile. Ulitokana na nyanya zilizokuwa zikioza na watu waliokuwa na njaa kilomita chache tu kutoka pale zilipo.

Wewe wa Kinangop unajua kabichi zinavyotupwa barabarani bei ikianguka. Wewe wa Makueni unajua maembe yanavyooza chini ya mti mwezi wa Januari. Na wewe uliye Nairobi unajua unanunua embe moja kwa shilingi ngapi. Mazao na njaa vinaweza kuwa katika nchi moja kwa siku moja, vikitenganishwa na kukosa mtu wa kuviunganisha tu.

Mwaka 1936 uongozi mkuu wa kanisa ulichukua mfano wa Lee na wenzake ukaufanya mpango wa kanisa lote. Rais wa kanisa wakati huo, Heber J. Grant, alieleza shabaha yake: kuondoa uvivu na ubaya wa kupewa bure, na kurudisha kazi na heshima ya mtu kujitegemea. Mwaka 1938 wakaanzisha katika Salt Lake City uwanja wa majengo unaoitwa Welfare Square, na wengi walioujenga walikuwa wale waliokosa kazi. Kulikuwa na ghala la kanisa, kiwanda cha mikebe, na mahali pa kutengeneza maziwa. Mwaka 1940 likasimama hapo ghala refu la nafaka lenye uwezo wa kuweka busheli 318,000 za ngano, yaani kama magunia 96,000 ya kilo 90.

GHALA LISILO NA KESHIA

Sasa sikia namna lilivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye funzo.

Ghala la kanisa lilikuwa na rafu kama duka. Lakini hakukuwa na pesa mlangoni. Mwenye shida alikwenda kwa askofu wa mtaa wake, ambaye kwao ni mshirika wa kawaida mwenye kazi yake ya kila siku. Askofu alimsikiliza, akaandika orodha ya vitu, na yule ndugu akaenda navyo nyumbani. Kisha aliombwa afanye kazi fulani kadiri ya nguvu zake. Mzee apange chupa, kijana abebe magunia, mama mwenye mtoto mchanga ashone. Hakuna aliyekula kama ombaomba.

Pesa zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwa kufunga. Washirika wa kanisa lile hufunga milo miwili, kwa kawaida Jumapili ya kwanza ya mwezi, na thamani ya chakula ambacho hawakula huitoa kwa ajili ya maskini. Sisi Wapentekoste tunajua kufunga. Tunafunga siku tatu, siku saba, siku 21. Tunafunga kwa ajili ya visa, ndoa na kazi. Ni vizuri, tuendelee. Lakini rudi usome Isaya 58. Ule mkate ambao hukuula wakati wa mfungo wako wa mwisho, ulikwenda kwa nani? Kama ulibaki kabatini ukaula siku iliyofuata, basi uliuahirisha tu.

Na nguvukazi ya kiwanda ilitoka kwa washirika wenyewe. Kila kanisa la mtaa lilipewa zamu. Mwalimu, daktari, fundi, mama wa nyumbani, wote walivaa aproni na kofia ya kufunika nywele, wakasimama kwenye foleni ya mashine. Huyu anamenya matunda, yule anajaza mkebe, mwingine anaangalia kifuniko kinavyobanwa. Kisha mikebe iliingizwa kwenye mitungi mikubwa ya mvuke wenye presha ili vijidudu vife. Mikebe mingi ilikwenda kwenye ghala la maskini. Lakini familia nayo iliweza kupata nafasi ya kupakia chakula chake, ikilipia chakula chenyewe na mkebe.

Hapo ndipo maghala mawili yalipokutana chini ya paa moja. Asubuhi unapakia kwa ajili ya mjane usiyemjua. Zamu yako ikifika, unapakia kwa ajili ya watoto wako. Mikono ni ileile na mashine ni ileile.

Maana tangu mwaka 1937 mmoja wa viongozi wao, J. Reuben Clark, alikuwa amewashauri kwamba kila mwenye nyumba awe na chakula, mavazi na kuni au makaa ya kumtosha angalau mwaka mzima. Ghala la kanisa halikuwekwa ili mtu astarehe akijua kanisa litamlisha. Kadiri nyumba nyingi zilivyojitosheleza, ndivyo ghala la kanisa lilivyobaki na chakula cha wale ambao kweli hawakuwa na njia.

Baadaye vikaenea vituo vya kupakia vyakula vikavu katika miji mingi ya Marekani na Kanada. Huko hakukuwa na kupika. Ngano, mchele mweupe, maharagwe, oti na maziwa ya unga viliwekwa kwenye mikebe mikubwa inayobeba kama lita tatu, ngano ikiwa kama kilo mbili na nusu. Juu yake wanaweka kipakiti kidogo chenye unga wa chuma unaonyonya oksijeni, kisha kifuniko kinafungwa kwa mashine. Pasipo hewa mdudu hawezi kuishi, na mafuta ya chakula hayaharibiki upesi. Utafiti wa chuo chao, Brigham Young University, umeonyesha kwamba ngano, mchele mweupe na maharagwe makavu yaliyofungwa hivyo na kuwekwa mahali pa baridi yanaweza kulika hata baada ya miaka 30. Mchele wa rangi ya kahawia haudumu hivyo, kwa sababu una mafuta mengi.

Kuanzia mwaka 2013 vituo vingi vya Marekani viliacha kuwapa watu mashine wapakie wenyewe. Sasa chakula huuzwa kikiwa tayari kimefungwa. Na hata ushauri wao kwa familia umekuwa mpole. Tangu mwaka 2007 wanaambiwa waanze na akiba ya miezi mitatu ya chakula wanachokula kila siku, maji ya kunywa na pesa kidogo, ndipo wafikirie akiba ya muda mrefu. Wanaonywa pia wasipite kiasi, na wasichukue mkopo ili kujaza stoo.

MWAKA 1946

Labda unauliza, je, haya yote hayakuwafanya wawe wachoyo? Mtu mwenye mikebe ya miaka si ndiye yule tajiri mpumbavu wa Luka 12?

Twende Ulaya. Mwaka 1945 Vita vya Pili vya Dunia viliisha, na watu wa Ujerumani, Norwe, Poland na Uholanzi walikuwa wakikaa kwenye magofu bila chakula. Rais wa kanisa lile, George Albert Smith, alikwenda Washington mwezi wa Novemba kumwona Rais Truman na kuomba njia ya kupeleka msaada. Alipoulizwa itachukua muda gani kuutayarisha, jibu lilikuwa kwamba uko tayari. Wangekuwa wanaanza kuchangisha siku ile, baridi ingewatangulia. Lakini mikebe ilikuwa imejaa kabla ya vita kuisha. Mwaka 1946 Ezra Taft Benson alitumwa Ulaya akakaa karibu mwaka mzima akigawa chakula, nguo na matandiko, jumla ya kama mabehewa 92 ya treni.

Kuna jambo dogo linalonigusa zaidi ya mabehewa hayo. Washirika wa Uholanzi, nchi iliyokuwa imekaliwa na jeshi la Ujerumani, nchi ambayo watu walikufa kwa njaa mwishoni mwa vita, walipanda viazi ili wajilishe. Walipovuna mwaka 1947, wakapakia viazi vyao kwenye malori wakavipeleka Ujerumani kwa ndugu zao wa imani. Walipeleka kwa taifa lililowaua baba zao. Mpendwa, hapo ndipo utakapojua tofauti kati ya akiba na uchoyo. Yule tajiri wa Luka 12 anajisemesha mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Ghala langu, mazao yangu, nafsi yangu. Hakuna jirani hata mmoja katika hotuba yake. Ghala lake halikuwa na dhambi kwa kuwa kubwa. Lilikosa mlango wa pili.

Na ile ngano ya akina mama? Mwaka 1978 walikuwa wameanza tena na wana busheli zaidi ya 266,000. Safari hii kiongozi wao, Barbara B. Smith, akasimama mbele ya akina mama wenzake, wakaamua wenyewe kuikabidhi kwa mpango wa kanisa. Miaka 102 baada ya Emmeline Wells. Na safari hii waliulizwa.

SASA TURUDI NYUMBANI

Najua kuna mtu anasoma hapa akisema: Mchungaji, kuweka akiba ni kukosa imani, Mungu wangu ni Yehova Yire, atanipa kila siku kama mana. Mtumishi, mana ilioza ilipowekwa usiku mmoja. Lakini ni Mungu yuleyule aliyesema siku ya sita wakusanye mara mbili, na ile haikuoza. Imani ni kumtii katika siku uliyonayo. Siku ya mavuno anakuambia kusanya. Na katika Matendo 11, Agabo alipotabiri njaa kwa Roho Mtakatifu, kanisa la Antiokia halikukaa kukemea njaa. Walikusanya, kila mtu kadiri alivyoweza. Unabii wa kweli ulizaa mchango.

Mababu zetu walilijua hili. Mkikuyu alikuwa na ikumbi, Mjaluo alikuwa na dero, na boma lisilo na ghala lilikuwa aibu. Wakamba walikuwa na mwethya wa kufanya kazi pamoja. Sisi tumebaki na simu ya mkononi, na mvua ikichelewa tunakopa kwenye simu ili kununua unga wa paketi. Kwanza pesa zinaisha. Kisha tunauza ng'ombe. Kisha shamba. Umeshaisoma hiyo. Ni Mwanzo 47.

Basi tuanze hivi, polepole.

Anza na kile mnachokula. Mahindi, maharagwe, ndengu, mtama, wimbi, omena kavu. Ushauri wa kule Utah ni kama kilo 11 za nafaka na kilo mbili za maharagwe kwa mtu mzima kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni gunia moja na nusu la nafaka. Usishtuke na hesabu. Ukiweka kando gorogoro moja kila wiki, mwaka ukiisha una zaidi ya gunia. Haba na haba hujaza kibaba. Nunua wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na usikope.

Kausha sawasawa. Hapa nakusihi kama mzazi. Mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya aflatoksini, sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Walikuwa na akiba, na akiba ndiyo iliyowaua. Mahindi yasiyokauka usiyafunge popote. Anika kwenye turubai, si kwenye udongo. Yajaribu kwa chumvi: weka chumvi kavu na mahindi kidogo ndani ya chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikigandamana kwenye chupa, rudisha juani. Yaliyoota ukungu usiyale, usimpe jirani, usimpe kuku wala ng'ombe.

Funga hewa isiingie. Kiwanda cha mikebe hatuna, lakini magunia yasiyopitisha hewa yanapatikana kwenye maduka ya pembejeo, na yanamkosesha fukusi pumzi bila dawa. Yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta na panya. Kula ya zamani kwanza, kisha jaza mpya.

Usipakie nyama, maharagwe yaliyopikwa au mboga kwenye chupa nyumbani ukidhani umeiga kiwanda. Mvuke wa presha ulikuwa na sababu yake. Kuna kijidudu kisichokufa kwa kuchemshwa kwa kawaida, hukaa pasipo hewa na kutoa sumu inayoua. Kausha, usipakie.

Na sasa ghala la pili. Kila ushirika wa nyumbani uanze na gunia moja la pamoja. Kwenye mfungo wetu ujao, kile ambacho hukukila ukilete siku ya kufungua, hata kama ni kikombe kimoja cha maharagwe. Liwe na watunzaji wawili, kitabu kimoja kinachosomwa mbele ya wote, na akina mama washike funguo. Lisiguswe na kamati ya ujenzi. Lisiguswe na mchungaji. Atakayepewa apewe kwa siri na kwa heshima, na akiweza, aje asaidie kuanika mavuno yanayofuata.

Kisha twende kwa wakulima wetu. Kuna mshirika ambaye maembe yake yanaoza, na kuna vijana ambao hawana kazi. Kazi ya kanisa ni kuwakutanisha kabla ya wiki hiyo kupita.

Tuombe.

Baba, tunakushukuru kwa mvua uliyotupa na mavuno yaliyo shambani. Utusamehe kwa chakula kilichooza karibu na jirani mwenye njaa. Utupe busara ya Yusufu, na utuhurumie tusifike mahali pa kuuza shamba kwa sababu ya unga. Bariki ghala la kila nyumba inayosoma ujumbe huu, ulipe mlango wa kuingizia na mlango wa kutolea. Mkumbuke mjane ambaye leo sufuria yake iko juu ya moto na haina kitu, umtume mmoja wetu kabla maji hayajachemka. Katika jina la Yesu Kristo.

Kama umekubaliana nami, andika Amina, kisha uinuke ukaangalie ndani ya stoo yako. Mtumie mama mmoja wa ushirika wenu ujumbe huu, na mkubaliane siku ya kununua gunia.